Paka Hajui Kutema

Ngamiani, barabara
ya tisa, penye mnara,
nauza nafaka bora:
unga, mchele na ngano.

Nina paka, ni Bizari,
njano iliyonawiri,
panya wakitahadhari
kwa yake makali meno.

Dagaa anadondosha,
kichwa anakitingisha,
ute akichuruzisha,
akila, ni kwa mguno.

Bi Mwantumu kanambia
ni deko la mazoea:
"Tanga na paka hulea,
umemdekeza mno."

Nikacheka. Nikangoja.
Siku mbili, wiki moja,
harufu nayo ikaja:
si ya samaki, ya jino.

Mzaha wangu, mzaha,
umeshatunga usaha,
nami huku nina raha
nikiuza yangu ngano.

Kapuni nikamfunga,
akalia, akapinga;
tukaenda kwa mganga,
kaniparura mkono.

Wa mifugo, si wa pembe:
Shekibua, bwana ng'ombe.
Kwa taa mfano chembe
akamfunua meno.

Ukoga umekauka
ukawa jiwe, tabaka;
fizi damu zinatoka.
Nami sikuwa na neno.

"Hili si la juzi, mama,
la miaka," akasema.
"Paka huficha, huhema,
hana ya kwetu maneno."

Mawili akayang'oa,
mengine akakwangua,
Bizari hakujijua,
usingizi wa sindano.

Bei yake ni gunia
la mchele; nikalia:
kumbe cha kulizuia
ni kitambaa, mkono.

Sasa, duka nikifunga,
kitambaa nakizonga
kidoleni; akiringa,
nasugua kila jino.

Ile dawa yetu tamu
ya povu, kwake ni sumu:
kutema hana elimu,
humeza haraka mno.

Mhina kaja kwa shaka:
jibwa lake linanuka,
na moja limekatika
kwa mfupa, lake jino.

Nimempa kitambaa.
Jibwa mwanzo lakataa;
sasa, likiona taa,
lenyewe hutoa meno.

Bizari ana mapengo,
panya wapiga maringo;
juzi kawavunja shingo
wawili, tena wanono.

Akanipigia mwayo
usoni, pasi na choyo:
dagaa ndiyo ijayo,
si usaha, wala jino.