Kibao cha Namba Saba

Alikuja Jumatatu na saa isiyojua ni saa ngapi,
saa ya kukimbia na kusimama tu,
na tepu, na mkoba wa nyaya, na karatasi za kutia saini.
Akasema anaitwa Hoza, anasomea mashine na watu.
Nikamuuliza, kipi hasa?
Akasema: pale vinapogusana.

Basi hapo ndipo nilipo mimi.
Miaka kumi na tisa, chumba cha brashi, Ngomeni:
natia singa kwenye ngoma, nashika mkia,
navuta, nageuza, natia upande wa pili.
Mkonge unaingia mgumu kama ufagio wa chelewa,
unatoka mvi zilizochanwa.
Ukichelewa kuachia, ngoma haijui pole.
Muulize Mbonea, anayehesabu mpaka tisa.

Namba Saba, akaniita. Kwa ajili ya siri.
Akanipima kutoka sakafuni hadi kiwiko,
kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati,
fundi cherehani asiye na kitambaa.
Binti aliyefuatana naye akanifunga mkanda kifuani, chini ya kanga,
na moyo wangu ukaanza kuandika milima kwenye kioo chao.

Kisha akaondoa kibao changu.
Kibao cha mninga, nilikiokota karakana mwaka wa kwanza,
nakisimamia ili bega lisikae sikioni.
Samahani mama, akasema, washiriki wote wanaanza sawa.
Sawa!
Mimi na Singano yule, mlingoti mtupu. Sawa.

Siku tatu meza ilivyo.
Siku tatu imeshushwa kidogo.
Siku tatu imeshushwa zaidi.
Kila robo saa: panauma kiasi gani, sifuri mpaka kumi?
Bega, sita. Kiuno, saba. Shingo, andika nne.
Hakuuliza habari za usiku,
maumivu yanaponikuta mlangoni kama mdai
aliyekwisha kukaa, akavua na viatu.

Nawe usidhani sisi hatukuwa na siri.
Nyapara alisimama nyuma ya kijana wa watu
akiitazama ile saa kwa jicho la uchumba.
Ukikimbia leo, kesho ngwe inarefuka,
hilo hatukulisomea.
Tukapatana kisimani: pumzi mbili kila fungu.
Tukafanya kazi kama watu wanaopigwa picha.

Siku ya tano akaizima saa, akaitia mfukoni.
Akaniinamia, maana ngoma inanguruma:
Mama, mikono yenu imechoka,
mbona mioyo yenu imepumzika?
Nikacheka mpaka vumbi likanipalia.
Andika na hilo, nikamwambia.
Halina safu, akasema.
Halafu nikamwona akichora safu pembeni,
kwa penseli, bila rula.

Matokeo yalibandikwa baada ya vuli, karibu na mizani ya robota.
Mistari mitatu ya rangi, na maneno:
kwa washiriki wafupi, meza ishuke sentimita saba na nusu.
Nikainua mkono, nikaunganisha vidole vinne.
Meneja akasema, vizuri sana,
tutaangalia bajeti ya mwaka ujao.
Mwaka ujao ni jirani yetu wa siku nyingi,
hajawahi kufungua dirisha.

Hoza akaja kuaga. Chini ya kwapa, kibao changu
kimefungwa karatasi: *cha Namba Saba, kisitupwe.*
Mimi ni Nakijwa, nikamwambia.
Najua, akasema. Limo kwenye kabati lenye kufuli.
Nikakiweka pale pale, palipobaki weupe wa miaka sakafuni,
nikapanda, bega likashuka lenyewe.

Uliwahi kukipima hiki?

Akanyamaza.
Akaangalia karatasi ukutani, akaangalia miguu yangu.
Kisha akatoa tepu, akapiga magoti kwenye vumbi la singa.
King'ora kikalia.
Nikamwambia aharakishe, ngoma inaanza.