Penseli ya Mheshimiwa Ratemo

Mimi ndiye niliyempiga chapa.
Miaka kumi, ghorofa ya pili ya Jumba la Jiji,
spika mbili ndogo masikioni, chai ikipoa,
nikiandika kila neno la Wadi ya Mawe Matatu
isipokuwa kikohozi. Kikohozi kanuni inaniruhusu kukiacha.

Siku ya kwanza alivaa suti ya harusi ya kaka yake,
viwiko vikitafuta pa kutokea.
Alisahau kuomba ruhusa. Akaanza tu:
"Kwetu Kebirigo nilikuwa karani wa mizani.
Mama anashusha majani chai, mvua imempiga tangu alfajiri,
mizani inasema kumi na tisa na nusu.
Karani aliyenitangulia aliandika kumi na tisa.
Zile nusu, Bwana Spika, zilimwezekea nyumba ya mabati."
(Kicheko, nikaandika.)
"Sasa nimesoma bajeti hii ya mitaro.
Nyumba naiona. Nusu zetu ziko wapi?"

Tangu hapo wakamwita Nusu Kilo.
Akaitika.

Mtaro wake ulichukua miaka mitatu.
Ninazo kurasa: hoja, swali, swali la nyongeza,
kamati imekwenda Mombasa kujifunza habari za mitaro,
kamati imerudi, imepigwa na jua,
inaomba siku arobaini zaidi.
Na alasiri ile maji meusi yalipopata njia yao,
muuza mihogo akaweka jiko lake
pale pale palipokuwa na dimbwi,
hilo halimo katika kumbukumbu.
Nililiona mwenyewe, nikienda kwa dada yangu kudai deni.

Wakamrudisha kipindi cha pili.
Koti likamtosha. Mwaka uliofuata likambana.
Akajifunza kusema "kwa heshima kubwa"
kabla ya kumchoma mtu.
Na kila Jumatatu, saa moja asubuhi, watu kwenye ngazi:
karo, jeneza, nauli ya kurudi Nyamira,
maana mkono mtupu haulambwi.
Kila mmoja na gunia lake,
na yeye ndiye ndoano wanayolitundika.

Halafu Alhamisi moja ya mvua
likaletwa suala la soko la Mawe Matatu:
vibanda mia nne vipishe barabara.
Alikuwa ameahidiwa zahanati. Hiyo naijua
kwa sababu kipaza sauti chake hakikuzimwa.
Spika akauliza. Ikapigwa kura ya midomo,
wala hapakuhesabiwa vichwa.
Mimi ninalo sikio. Katika ule mngurumo
niliitambua Ndio moja ya Kebirigo,
ndogo, kama ya mtu anayeitwa shambani
na hataki kwenda.
Nikaandika kanuni inavyotaka:
WAJUMBE: Ndio.

Zahanati haikujengwa.

Alishindwa kwa kura mia moja na kumi na mbili.
Vibanda vilikuwa mia nne; hesabu hiyo
hakuhitaji karani kumfanyia.

Siku ya kurudisha ufunguo wa ofisi
alipanda hadi dawatini kwangu, bila dereva,
akaomba juzuu ya mwezi wa Novemba.
Nikasema moyoni: amekuja kufuta.
Wengi huja. Huleta soda, huleta kuku,
huniuliza kama neno linaweza kuteleza.

Akasoma, kidole chini ya mstari.
"Hapa umeandika wajumbe."
Ndivyo inavyoandikwa, Mheshimiwa.
"Mimi nilisema. Weka jina."
Nikamweleza: siku saba za masahihisho zilikwisha,
kura ya midomo haina majina,
na kitabu hiki ni mali ya kaunti.
Akatikisa kichwa polepole,
kama mtu anayesubiri mshale wa mizani utulie.

Nje walikuwa wanaosha ngazi.
Nilimwazima penseli,
nikaenda dirishani kutazama maji.