Ha Yenye Umbo la Saba

Miaka thelathini na mmoja nimelipwa kuona makosa.
Kiwanda cha chapa, mtaa wa nyuma, Irbid:
wino kwenye kucha, kalamu nyekundu sikioni.
Hamza iliyokalia kiti kisicho chake
naing'oa kwa ncha, kama mwiba.

Kisha binti yangu Lujain akaenda Gdansk
kusomea mabomba ya majitaka,
akaanza kuniandikia kwa tarakimu.

Saba ndiyo ha, ile ya kooni, ya habibi.
Tatu ni aini inayojitazama kiooni.
Tano ni kha, kwa kuwa hamsa huanzia hapo.
Na mbili ni hamza,
hamza yangu, niliyoitetea mbele ya mawakili na wakuu wa mikoa,
leo imepewa namba kama mfungwa.

Nikauliza: simu yako haina herufi zetu?
Inazo, baba. Zile ni za kujazia fomu.

Nawwaf, kijana wa mashine, alinicheka:
Mzee, wanaandika hivyo
mtu asidhani amepata barua ya benki.

Siku moja ikaja Baaaaaaaba.
Nikahesabu a nane. Sita za ziada.
Mamake akaninyang'anya simu, akaisoma kwa sauti,
akaivuta ile a toka jikoni hadi mlangoni
mpaka nikatazama kama kuna mtu anavua viatu.

Sikukubali.
Niliunakili ujumbe wake mwingine karatasini,
nikausahihisha kwa wekundu, nikapiga picha, nikamrudishia.
Makosa kumi na manne.
Nilidhani atacheka.

Siku tisa, kimya.

Ya kumi, saa nane za usiku, simu ikatikisika:
Kiarabu cha mimbari. Kila irabu na alama yake,
kila nukta imekaa kwake. Mzazi wangu mtukufu.
Niko salama kabisa. Msiwe na wasiwasi.
Jicho langu lilipapasa mistari
kama mkono unaotafuta swichi gizani.
Hapakuwa na kosa hata moja.

Nani huvaa suti saa nane za usiku
peke yake, chumbani mwake?

Nikampigia. Alikuwa analia tangu jioni,
mtihani umeanguka, mwenzake wa chumba amehama,
na theluji, baba, theluji haina sauti kabisa.
Tuliongea hadi muadhini akatukatiza.

Baadaye nikabaki na simu mkononi.
Kidole kilisimama juu ya saba
kama mwizi mgeni kwenye dirisha la jirani.
Nikaandika: 7abibti.
Nikaitazama. Ilikuwa imeinama kidogo,
kama mtu anayeingia mlango mfupi.
Nikaongeza i mbili mwishoni, nikatuma kabla sijajihoji.

Akajibu papo hapo, kwanza ha za kicheko,
mstari mzima, sikuzihesabu.
Halafu:
i hazitoshi, baba. Sahihisha.