Mawe ya Mizani

Skrubu mia mbili na tisa, nilizihesabu
kwenye meza ya jikoni, Blaenau, mvua ikilamba dirisha.
Orodha yangu ilikuwa tayari: mota kali, taa, rimu za fahari.
Gethin wa dukani akaniuzia betri tu.
"Kiache kianguke. Kitakwambia chenyewe kinachodai."

Jumapili, kwenye kifusi cha machimbo,
kigari kikapanda mwendo wa kinyonga,
kikasita,
kikabinuka chali, matairi yakikanyaga hewa.
Mara saba. Rimoti ikitota mkononi.

Ya nane nikakifunga mbele, kwa utepe,
mawe mawili ya shaba
ya mizani aliyokuja nayo mama kutoka Tabora,
ya kupimia karanga.

Pua ikatulia.
Jiwe likapanda jiwe.

Orodha imelowa mfukoni, wino umebakiza neno moja: taa.
Na kweli, giza linaingia.