Chui wa Wilf Garbutt

Kwenye mlango wa banda lake, Grimsby,
kwa rangi iliyosalia ya kupakia boti,
Wilf Garbutt kachora msitu.

Majani ni ya kabichi. Nayajua,
yako hapo hapo uani, yametobolewa na konokono,
naye kayachora tundu kwa tundu.
Katikati, chui:
macho ya paka wake, miguu ya meza,
madoa ya rangi ya chungwa
kama ya wale samaki bapa
aliowapasua kiwandani miaka arobaini
vidole vikifa ganzi.

Hakufundishwa na mtu. Anarudi nyuma hatua mbili,
anafuta brashi kwenye suruali.
"Wewe ndiye wa huko," ananiambia. "Nimepatia?"

Mimi wa huko.
Mimi mzaliwa wa Ngamiani, barabara ya kumi na tatu,
niliyemwona chui mara moja tu,
kwenye kiberiti.

"Umepatia," nasema. "Ila mkia, mwongeze."

Kabla hajauongeza, manyunyu.
Wilf kakimbilia turubai,
kaniachia mwavuli nimkinge mnyama.
Nikamkinga, mkono umenyooka,
yeye kanikazia macho,
na mgongo sikumpa.