Mstari wa Juu

Fomu ina mistari mitano ya wanaoanza.
Minne nimeshaijaza kwa kalamu ya bluu.
Wa juu kabisa, wa mchezeshaji, u wazi tangu Jumanne,
na Jumamosi saa nne asubuhi, hapa Arua,
mwamuzi atanyoosha mkono kuitaka.

Mwalimu Onzima anasema Ayikoru.
Onzima si msemaji: anamenya karanga,
anapuliza ganda, anasema Ayikoru.
Kwa sababu anaijua saa bila kuitazama.
Kwa sababu mpira wa moto mikononi mwake hupoa
kama uji wa mtoto uliopulizwa na mamaye.
Anagonga daftari langu kwa kidole chenye chumvi:
mechi tisa,
pasi hamsini na nne zilizozaa vikapu,
mipira kumi na mmoja tu iliyomponyoka.
Sibishi. Mwandiko ni wangu.

Zubeda, anayetushonea namba za mgongoni,
hana daftari. Ana macho,
na amesimamisha cherehani ili aseme Candiru.
“Yule anapiga hesabu, huyu anapiga chenga.
Nani alipe shilingi elfu mbili
aje kutazama hesabu?”
“Basi waanze wote,” nasema.
“Fahali wawili,” anaanza Mwalimu,
na Zubeda anamkata kwa mkasi wake:
“Fahali gani? Hawa ni mitamba.”

Kwa Kilugbara mmoja ni furaha, mwingine ni mateso,
lakini uwanjani majina yameazimana nguo.
Furaha hacheki hata tukishinda kwa ishirini.
Mateso hucheka akiwa kati ya wawili wanaomkaba,
ulimi nje, kamba ya kiatu imefunguka,
na sisi tuliokaa tunasimama bila kuambiwa.

Daftari halina safu ya magoti.
Ayikoru hulifunga lake kwa kipande cha kitenge
kila robo ya tatu inapokwisha,
ananiangalia, nami naangalia kwingine.
Halina safu ya mechi ile ya Gulu pia,
si yote: niliandika kwamba Candiru
alipoteza mpira mara tatu dakika ya mwisho.
Sikuandika kwamba alirudi akiwa amesimama,
Gulu hadi Arua, kiti kipo,
eti hakustahili kukaa.

Nyumba yangu imepakana na uwanja.
Saa kumi na moja alfajiri, kabla ya adhana kwisha,
mpira huanza kugonga simenti iliyopasuka,
na nikiwa bado kitandani najua ni nani.
Tu. Tu. Tu. Huyo Ayikoru, anahesabu.
Tu-tu, kimya, tututu: huyo Candiru,
na ile kimya ni mpira ukipita katikati ya miguu.

Mwalimu ameniachia mimi. “Wewe ndiye unayewaona,”
alisema jana, akaenda zake na karanga zake.
Mimi, niliyekalia benchi misimu mitatu
nikisubiri mstari huu huu uandikwe jina langu.

Leo Ijumaa mpira umeanza mapema.
Tu. Tu. Kimya. Tututu. Tu.
Halafu sauti, ya chini: “Subiri. Subiri. Sasa.”
Halafu kicheko, sijui cha nani.
Kwa mara ya kwanza msimu huu sikujua.
Nikawasha taa, nikaanza kuitafuta kalamu.