Nafaka

Hakimu alisema nafaka,
na mama yangu, benchi la tatu, akasikia mchele.
Miaka hamsini yuko Ibra, Kiarabu chake bado
kinavua viatu mlangoni kama mgeni.
Akaninong'oneza: "Magunia mangapi?"
Fedha, mama.
"Fedha haichemki."

Ilikuwa Jumatano, siku ya soko la wanawake,
na kofia zangu nne, vitobwe vimekamilika,
zilikaa mkobani zikisikiliza kesi.

Niseme haki: Hilali si mtu wa pupa.
Kiyoyozi cha chumba cha watoto kilikufa Mei,
akasema tutaona. Tukaona Juni, tukaona Julai,
tukalala uani juu ya mashuka tuliyoyalowesha.
Lakini iliposikika kuwa sheria inageuka
mwanzo wa mwezi, mtu yule alikimbia.
Alhamisi, saa sita kasoro, yuko dirishani kwa karani,
talaka mkononi, jasho linamtoka
kama aliyetoka kuokoa mtu kisimani.

Karani akagonga muhuri. Mkavu.
Akagonga tena. Wino umekwisha.
Ijumaa watu wakaswali, Jumamosi wakalala,
Jumapili ikaletwa chupa mpya,
na Jumapili ilikuwa tarehe mosi.

Basi hiyo ndiyo haki yangu: kijichupa.
Karatasi ya zamani ilihesabu
tangu siku uliyobisha mahakamani;
mpya inahesabu tangu siku mkono wake ulipofumba.
Miezi kumi na tisa. Maziwa, umeme, basi la skuli,
mitungi ya gesi niliyokopa duka la pembeni,
dawa ya kikohozi, chupa mbili.
Hakimu alivisoma kimoja kimoja kwa sauti,
nami nikaona haya,
kana kwamba mtu ananianikia nguo za ndani barazani.

Nilishinda. Neno kubwa hilo
kwa mtu aliyetaka kiyoyozi tu.

Zuwena, tunapakana ukuta, aliachwa wiki tatu kabla yangu.
Watoto watatu, kama wangu.
Mume wa kampuni ileile, mshahara uleule,
eda yake na yangu zilipishana kama majirani ngazini.
Ila siku yake
wino ulikuwepo.

Fedha ya kwanza ilipoingia nilinunua gunia,
ili mama asiseme nilimdanganya.
Akatoa kibaba chake cha bati, alichokuja nacho toka Chake,
mdomo wake umebonyea, akapima.
Akapima vingine kando, kwenye mfuko wa plastiki.
Hakusema vya nani. Akanitazama tu
mpaka nikavaa kanda mbili.

Nikabisha.
Zuwena akafungua mlango nusu.
Nyuma yake mtoto alikuwa anakariri jedwali la saba,
anakosea palepale, anarudia.
Akautazama mfuko, akanitazama mimi,
akauliza, bila kucheka,
"Leo tarehe ngapi?"